Uzi Mwekundu wa Namba Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mable, weka chini hiki kitabu! Najua ni wewe. Ukurasa wa kwanza una alama ya dole gumba lenye mafuta ya maandazi, na katika nyumba hii mkaanga maandazi ni mmoja. Gilbert alioa mke, hakuoa mpelelezi. Kirudishe chini ya blanketi vile ulivyokikuta, kisha uende ukachambue mchicha.

Bado unasoma? Huna adabu. Basi soma, angalau ujue mama mkwe wako yuko katika vita gani.

Chumba cha mashine. Kile cha nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Mwakingali, ambako sisi wanakikundi kumi na mmoja tunajifunza kompyuta. Mashine sita. Kabati moja. Ufunguo mmoja, na uko shingoni mwangu. Ndani ya kabati kuna mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe kuna flashi, zote nyeusi, zote sawa kama mbegu za papai. Kila flashi ina kifurushi chake cha programu. Ya kuandika, ya hesabu, ya kuchora. Shida ni kwamba si kila kifurushi kinaingia kila mashine. Fundi wetu Ronald alitwambia tangu mwanzo: kuna mashine ya 32, kuna za 64, na kuna moja ndogo kama kipande cha sabuni iliyofungwa nyuma ya televisheni, hiyo kwa Kizungu ni ARM, sisi tunaiita ya mkono. Kifurushi cha hii ukikitia kwa ile, kinagoma.

Alikuwa ameandika kwa vikaratasi vya gundi kipi ni cha wapi. Joto la Voi likayeyusha gundi. Sasa vikaratasi vyote viko chini ya mkebe vimeshikana kama chapati za jana, na hakuna ajuaye kipi ni kipi.

Leo tumekutana kuamua tutie alama vipi. Mwalimu Priscilla, katibu wetu, mwalimu mstaafu, anayeshika kalamu kama ameshika fimbo, akasema kila kifurushi kiandikwe mashine kilikojaribiwa, tarehe, na jina la aliyejaribu. Kisicho na alama kisiguswe. Mimi nikasema upuzi. Nilishona nguo soko la Voi miaka thelathini na minane. Cherehani nzima sikuwahi kuiandika "nzima". Ile mbovu ndiyo tuliifunga kitambaa. Kibovu kitiwe alama, kingine chochote tumia!

Tukazozana mpaka chai ikapoa. Mzee Zephaniah, mwenyekiti, alikuwa mtu wa reli na anataka kila kitu kifike kwa saa yake. Akapiga meza. Kura ni Jumamosi. Halafu akaongeza, polepole, kama mtu anayetaja jua kali, kwamba chumba kimejaa. Mashine yoyote ambayo Jumamosi itakosa hata kifurushi kimoja cha kuiamsha, Jumatatu inabebwa na mtu wa vyuma chakavu.

Akaitazama Namba Tatu. Mimi nikamtazama yeye.

Namba Tatu ni mashine yangu. Kubwa, nzito, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Tumbo lake, ile diski ya ndani, lilikufa mwaka jana, kwa hivyo inakula moja kwa moja kutoka kwa flashi; ukichomoa, inasahau kila kitu. Hata mimi siku hizi niko hivyo. Lakini herufi zake! Zimesimama juu, kila ukibonyeza inalia ta! ta! kama cherehani. Zile laptopu herufi zao ni maharagwe yaliyomwagika mezani, kidole changu kimoja kinashika matatu. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nikachunge mbuzi. Ni Namba Tatu iliyonifanya niandike jina langu lote badala ya kuchora ndege kama sahihi. Sasa naandika majina ya watu wetu wa Bura, nani alimzaa nani na nani alikufa lini. Niko ukurasa wa kumi na nne, na kila ukurasa ukiisha Ronald hunitolea kwenye karatasi. Nimefikia shangazi waliogombana.

Vyuma chakavu? Ng'o!

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi mdogo.

Ronald alikuja na laptopu yake kutambua flashi upya. Haraka haraka, maana mchana alikuwa anaelekea Mahoo kufunga mashine za shule na harudi mpaka Jumamosi. Yeye anachomeka, anasoma, anaita. Mimi nafunga uzi shingoni mwa flashi. Nyuzi ni wazo langu! Bobini ya cherehani moja haikai kwa nyingine, na sokoni mimi nilizitofautisha kwa nyuzi na sikukosea hata siku moja. Isipokuwa ile mara ya suti ya kwaya. Uzi haubanduki kwa joto. Hata Priscilla alitikisa kichwa kukubali, na hilo huku kwetu ni tukio la kuitia watoto waje kuona.

Nyekundu ni 64. Nyeupe ni 32. Bluu ni ya mkono. Nyekundu niliwapa 64 kwa heshima, kwa vile ni wazee. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Thelathini na mbili ni umri wa kijana ambaye bado anafuliwa nguo na mamake. Sitini na nne ni mtu aliyestaafu. Na Namba Tatu ndiyo ya kale kuliko zote mle ndani. Hesabu hiyo hata mbuzi wangu wangeifanya.

Ronald alianza kusema, Mama Gilbert, kumbuka hizo 64 ni za mashine m... Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia asinifundishe mambo ya umri, nina sabini na moja. Akatazama saa. Akaendelea kuita.

Halafu kukazuka kelele. Flashi moja akaiita "zote", nyingine akaiita "zozote". Nikasema hicho ni kitu kimoja, tusipoteze uzi. Priscilla akasema si kitu kimoja, na akaanza somo la sarufi, chaki tu ndiyo haikuwepo. Ronald akaeleza. "Zote" ni picha na nyimbo, zinaingia mashine zote vile vile zilivyo. "Zozote" ni programu ambayo bado haijakatwa. Anaweza kuitengeneza kwa mashine yoyote, lakini kila mashine lazima ikatiwe yake.

Nikawaambia, kumbe mnazungumzia leso na rinda! Leso moja inamtosha mnene na mwembamba. Rinda naweza kumshonea mtu yeyote, lakini lazima kwanza nimzungushie futi kiunoni.

Ronald akasema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri hivyo, hata chuoni.

Naandika hapa ili ijulikane. Mimi Mkamburi wa darasa la pili! Priscilla alichukua daftari lake akaandika "leso" na "rinda" mbele ya macho yangu. Mwizi.

Saa sita umeme ukapotea.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme bado. Hata sijali, siasa haihitaji umeme.

Kura kumi na moja, nahitaji sita. Tryphena wa mboga ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana Bura, lakini kwa kura yake alinidai blauzi ipunguzwe ubavuni. Nikampunguzia. Amekonda mashavu tu, ubavu uko pale pale, sasa blauzi haifungi. Hayo ni yake. Ahadi ni ahadi.

Mtu wa kushika ni Zephaniah. Akiinua mkono yeye, wengine watatu wanainua hata kama hawajasikia swali. Na Zephaniah anataka nini? Nafasi. Mkebe umejaa mpaka kifuniko hakikai. Umejazwa na nani? Nikahesabu. Nyuzi nyeupe saba! Vijana! Wanajaza nyumba ya watu na hakuna wanachochangia.

Hapo mpango ukanijia, mzima, kama rinda lililokwisha kupigwa pasi.

Nikaenda kwake Birikani na viazi vitamu. Nikamwambia: unga mkono mtindo wangu wa alama, na mimi mwenyewe nitatoa hoja 32 zote ziondoke kabatini. Akaweka kikombe chini. Akauliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia nimefikiria kuliko yeye. Akauliza, na Namba Tatu je? Nikasema kwani yeye alidhani haya yote nayafanya kwa ajili ya nani?

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yakalowa. Akasema miaka yake yote ya reli hajaona mtu mwenye moyo wa kujitolea namna hii.

Nikamwambia ndivyo nilivyozaliwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mable! Nimeona ulichoandika pembeni kwa penseli. "Mama, 64 ndiyo mpya. 32 ndiyo ya zamani." Kwanza, hiki si kitabu cha wageni. Pili, hesabu zako ni za aibu. Wewe una thelathini na mbili. Mimi na wewe nani wa zamani? Nimefuta kwa mate.

Umeme umerudi na nikakuta jambo la kutisha. Mwalimu Priscilla amekaa kwenye Namba Tatu! Kitini kwangu! Mkebe wote mapajani, kwa vile Zephaniah aliamuru tangu mwanzo kwamba mchana nilifungue kabati liwe wazi kwa kila mwanakikundi. Na anachomeka nini? Nyuzi nyeupe! Anamlisha mzee wangu chakula cha watoto! Nilitaka kuona skrini inasema nini lakini mgongo wa Priscilla uliifunika yote, na mgongo wa Priscilla si mdogo. Anachomeka, anasubiri, anaandika kwenye daftari. Anachomeka, anasubiri, anaandika.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajaribu. Nikamuuliza anajaribu nini. Akasema, kwa ile sauti ya kumwita mtoto mbele ya darasa, kwamba mtu hutia sahihi penye kitu alichokiona kwa macho yake. Nikamwambia mimi nikiangalia kitambaa tu najua kitatoa suruali ngapi. Akasema anaikumbuka suti ya kwaya.

Hapo alinipiga chini ya mshipi.

Alipotoka kwenda msalani nilichomoa kipanya cha Namba Tatu, kile cha kusukuma mezani, nikakitia ndani ya kanga. Bila kipanya atajaribu nini? Nimekificha nyumbani mahali ambapo hakuna mtu atatazama.

Ijumaa, 8 Agosti

Mahali ambapo hakuna mtu atatazama si ndani ya pipa la unga.

Mable alikichota asubuhi pamoja na unga wa chapati. Mkia wake mrefu ulipotokea alipiga yowe mpaka majirani wakaja na fagio. Nikasema ni kipanya tu. Nadhani ningechagua maneno mengine. Jirani mmoja alikuwa tayari amekipiga mara mbili.

Hakijafa sana. Kitufe kimoja kimeingia ndani.

Na haikusaidia! Nilipofika chumbani Priscilla alikuwa amekuja na kipanya chake kutoka nyumbani, cha rangi ya waridi, anaendelea. Sasa hata flashi yake mwenyewe amekuja nayo. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya akiba. Watu wa akiba akiba mimi siwaamini.

Jioni nimefanyia hotuba mazoezi mbele ya kuku. Nzuri sana. Jogoo aliondoka lakini yeye huondoka kila mara.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike asubuhi au niandike jioni? Niandike asubuhi kwanza, nijifariji.

Asubuhi nilishinda! Nikasimama. Nikasema kinachotiwa alama kiwe kibovu pekee. Nikasema zaidi ya hayo, 32 zote zitoke, zimetujazia mkebe bure. Priscilla akainua mkono na kuuliza, taratibu, Mama Gilbert, unajua 32 ni za nani? Nikamjibu, ni za watoto wa juzi! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Zephaniah akasema tuheshimu uamuzi wa mama huyu, tusimfanye aurudie, tunaona unavyomuuma. Sikuelewa unaniuma wapi, lakini nilishika kifua kidogo maana walikuwa wananitazama.

Sita kwa tano. Sita! Nikazifunga zile nyeupe saba kwenye leso, nikampa Tryphena, aliyekuwa anakwenda Bura saa nane. Mpwa wake Danson anaongoza kwaya huko, flashi za kuwekea nyimbo hawana. Tazama ukarimu wangu.

Sasa jioni.

Saa kumi, Priscilla ameshakwenda zake nyumbani, Zephaniah akaanza ukaguzi, mashine moja moja. Laptopu ya kwanza, uzi mwekundu. Ikaamka. Nikashangaa kidogo, kumbe hata kijana anaweza kula chakula cha wazee. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote nyekundu, zote zikaamka. Ya mkono ikaamka na bluu. Wakafika Namba Tatu. Watu wakaanza kuinuka kama mazishini. Nikawaambia wakae chini, mzee huyu ana chakula tele. Nikachomeka nyekundu.

Mstari mmoja wa Kizungu. Basi. Ikanyamaza.

Nyekundu ya pili. Mstari ule ule. Nilichomeka nyekundu zote tisa. Tisa! Kuanzia ya tano nikawa nazipangusa kwa kanga kabla ya kuzichomeka.

Hapo Ronald akaingia kutoka Mahoo, vumbi mpaka kwenye nyusi, kabeba mkungu wa ndizi. Akainama akausoma ule mstari. Akasema bila shaka inagoma, hii ndiyo mashine yetu pekee ya 32, inataka uzi mweupe. Nikamwambia haiwezekani, hii ni mzee. Akasema ndiyo maana ni 32. Zamani zote zilikuwa 32, hizi za 64 ni za juzi. Ile namba si umri, ni upana wa mdomo, mashine inameza kiasi gani kwa mara moja.

Upana wa mdomo! Na wakaandika kwa tarakimu za umri! Mtu mzima atajuaje?

Nilimtazama Zephaniah. Ndipo naye akaelewa kwamba sikuwa najitolea. Niliuliza kama Ronald hawezi kukata upya ile "zozote" iwe ya Namba Tatu. Akasema anaweza, lakini wenye programu hizo wameacha kushonea 32, itabidi afumue na kuunga vipande, wiki mbili. Zephaniah akasema sheria ni sheria. Halafu akatazama uso wangu, akasema ananipa muda mpaka mkokoteni ufike Jumatatu saa mbili. Hapo ndipo mwisho wa huruma ya reli.

Sikula. Mable aliniletea uji. Angesema neno ningeumwaga.

Jumapili, 10 Agosti

Nilipanda bodaboda kwenda Bura na nguo ya kanisa, nimekumbatia mkoba. Dereva alitaka tupige hadithi. Nikamwambia aangalie barabara.

Nilifika ibada ikiendelea. Danson yuko mbele na kwaya yake. Nikapiga ishara. Akapiga ishara pia, akasimamisha wimbo, akatangazia kanisa zima kwamba yule mama aliyewatumia flashi saba amefika mwenyewe! Nikasimamishwa. Nikapigiwa makofi. Mchungaji akaniombea. Watoto wakanipa ua la plastiki.

Nikamuuliza Danson kwa sauti ya chini ziko wapi. Akasema ziko salama. Nikasema asifiwe Mungu. Akasema jana jioni walifuta vilivyokuwemo vyote, vilikuwa vitu vya kompyuta visivyoeleweka, na sasa kuna nyimbo mia mbili na nne. Sauti ya nne inasikika vizuri sana, nataka nisikie?

Nilisikiliza. Ningefanya nini? Sauti ya nne iko chini ya noti.

Nikarudi mchana na yale majina kichwani. Shangazi Wakio. Shangazi Mghoi. Waligombana kwa sababu ya ndoo, na ni mimi peke yangu niliyebaki ninayejua ilikuwa ndoo ya nani. Na vidole vyangu havina mahali pa kuyaandika, maana humu kitabuni Mable anasoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa moja na nusu nilikuwa tayari nimekaa juu ya Namba Tatu. Juu yake kabisa. Inabeba.

Saa mbili mkokoteni ukafika. Mtu wa vyuma chakavu akasema, shikamoo nyanya, teremka nikubebee mzigo. Nikamwambia mzigo ni mimi, anibebe kama anaweza. Akamtazama Zephaniah. Zephaniah akaitazama saa yake. Akasema kwa upole kwamba tusifanye hivi, Mama Gilbert, tutakupa laptopu. Nikasema ampe laptopu mtu mwenye vidole vya kuku.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Priscilla. Daftari kwapani, kipanya cha waridi mkononi. Akasema nishuke.

Sikushuka.

Akasema, Mkamburi, shuka. Jina langu, si la mwanangu. Tangu niolewe ni wachache walioniita hivyo. Nikashuka.

Akachomeka flashi yake. Ile ya akiba, aliyoinakilia yaliyomo kwenye uzi mweupe kabla sijazitoa. Imefungwa kikaratasi kwa pini, kimeandikwa kwa mkono wa shule: "Namba Tatu. 32. Kuandika. Imejaribiwa 7 na 8 Agosti. P." Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikaleta ukurasa mweupe. Akabonyeza herufi moja. Ta!

Nilifuta macho na kitambaa cha vumbi. Kulikuwa na vumbi.

Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa na ushindi mkononi, angesubiri tu mkokoteni uondoke. Akanionyesha vidole vyake. Vifundo vimevimba kama tangawizi. Akasema mimi nisidhani ni peke yangu laptopu zinanishinda. Tangu Machi yeye huja siku za Ibada ya Wanawake, mimi nikiwa kanisani, anaandika kumbukumbu za kikundi kwenye Namba Tatu. Kipanya changu kilipopotea alinunua chake. Hakuuliza kilikokwenda. Mimi pia sikusema.

Mtu wa vyuma chakavu akapewa feni iliyovunjika na chai.

Halafu Priscilla akafungua daftari akasema nami nimeona kwa macho yangu, kwa hivyo nitie sahihi chini ya yake. Nikatia. Mkamburi, lote, bila ndege. Na nikageuza kurasa nyuma kidogo, maana sikatazwi. Tarehe 5. "Leso" na "rinda". Na chini yake: "Maelezo ya Mama Gilbert, mazuri sana."

Ameandika kwa herufi ndogo. Lakini ameandika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelala vizuri, na nikiwa nimelala nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Si kwangu. Uzi ulifanya kazi yake. Nyekundu ilikuwa nyekundu, nyeupe ilikuwa nyeupe, hakuna hata mmoja uliobanduka. Sita kwa tano, kura halali. Kosa ni la namba! Mtu gani humpa mzee namba ndogo na mtoto namba kubwa? Huko zilikotengenezwa hawana wakubwa wa kuwaamkia? Sasa mwakani atakuja mwingine kama mimi, mwenye akili zake, atafanya hesabu iliyo sawa na tutaingia matatizo yale yale. Ni lazima mtu arekebishe. Zephaniah hawezi. Ronald ataanza habari za midomo. Priscilla atataka kujaribu kwanza.

Kwa hivyo sijamwambia mtu. Namba Tatu nitaiandika 64 ubavuni, kwa heshima yake. Laptopu zote nne ziwe 32, zikue kwanza. Ile ya mkono sijaamua. Inaonekana kama mtoto wa darasa la kwanza, nadhani 6. Flashi ya Priscilla nimeshatoa kile kikaratasi cha pini, kilikuwa kinachoma, nikaifunga uzi mwekundu mzuri. Tena nyekundu tisa nimezibadilisha kuwa nyeupe. Mkebe unapendeza. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Mable, kwa vile najua unasoma: kanunue kalamu nene nyeusi, ile isiyofutika hata kwa mafuta ya taa, na unisubiri kwa mlango wa ukumbi kesho saa moja kabla hawajafika. Kipanya kipanguse unga ukilete. Na hiyo penseli yako iache nyumbani.